Robota la nyasi Mokowe ni 380: naibiwa, au ndiyo bei?

Swali limetoka kwa msomaji wa Lamu. Nimelifupisha kidogo:

"Bwana mifugo, assalam aleikum. Nina punda wanne hapa Amu, kisiwani Lamu, wanaobeba mchanga na mawe, na ng'ombe wawili wa maziwa kwa mama yangu kule kijiji cha Hindi, upande wa bara. Robota la Boma Rhodes, zile nyasi za malisho za kupandwa, pale gatini Mokowe upande wa bara sasa ni shilingi 380, na nikilivusha hadi Amu linanifikia 430. Kaka yangu Malindi ananunua 280. Je, hawa wa Mokowe wananiibia? Wengine wananambia nisubiri vuli, majani yatajaa na bei itaporomoka. Kijana wangu amenionyesha kwenye simu kwamba Marekani bei za nyasi hutangazwa kila wiki. Sisi kwa nini hatuna, na mimi nitaijuaje bei ya haki? Tuko mwisho wa Agosti, na kiangazi kilichopita kilinifilisi."

Waaleikum salaam, dada. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umenitajia punda, ng'ombe, bei tatu na mwezi, lakini uzani wa robota hukuutaja. Bila kilo siwezi kukwambia kama 380 ni ghali au rahisi, na hata huyo aliyekuuzia hawezi, kwa sababu naye hakupima.

Nikupe majibu kwanza, maelezo yafuate. Vuli usiisubiri, anza kununua wiki hii. Mchuuzi wa Mokowe, kwa bei ulizonitajia, hakuibii. Pesa zako zinapotea kwingine: kwenye marobota mepesi, kwenye unyevu, na katika kuwanunulia punda nyasi za ng'ombe.

Tuanze na uzani. Kiangazi kimoja nilikuwa gatini Mokowe, lori limeshusha nyasi na mahamali wanapanga. Nikamwomba muuza samaki mmoja mizani yake ya ndoano, tukatafuta ubao wa kuegemeza, tukatundika marobota matatu kutoka lori lile lile, marefu sawa kwa macho, yamefungwa kwa kamba za rangi moja. La kwanza lilikuwa kilo 16. La pili 13. La tatu 11. Yule kijana aliyekuwa akiyauza alilitazama lile la mwisho kama mtu aliyeona kitu kigeni, maana yeye mwenyewe alikuwa ameyanunua yote kwa bei moja huko yalikotoka. Hakuna aliyemdanganya mwenziwe. Mashine hukaza vikali pale nyasi zinapokuwa laini zenye majani, na hukaza legelege pale zinapokuwa mabua matupu; opareta akichoka au kamba ikilegea, robota linatoka limejaa upepo.

Sasa piga hesabu kwa bei yako ya 380. Robota la kilo 16 linakupa kilo moja kwa shilingi 23 na senti 75. La kilo 13 ni shilingi 29. La kilo 11 ni shilingi 34 na nusu. Ni bei moja, lori moja, siku moja, na tofauti ni karibu shilingi 11 kwa kila kilo. Kisha mrudie kaka yako wa Malindi: kama hayo ya 280 ni ya kilo 11, yeye analipa shilingi 25 na nusu kwa kilo, na wewe ukichagua yale ya kilo 16 unalipa pungufu yake, tena baada ya nyasi kusafiri kilomita mia mbili na ushei. Kwa hiyo kabla hujamwonea wivu, mwambie apime.

Mizani ya ndoano haina gharama kubwa, na Lamu nzima imejaa wavuvi wanayo. Pima marobota matano au sita, usipime moja, kwa kuwa muuzaji naye ana macho na atakuchagulia lililo nono. Toa wastani. Gawanya bei kwa wastani huo. Hiyo ndiyo bei yako, na ndiyo utakayoilinganisha na ya Malindi, ya Witu, ya mwezi ujao na ya mwaka ujao.

Lakini kilo nayo inaweza kukudanganya, kwa sababu maji pia yana uzani. Nyasi zilizokauka sawasawa hubaki na unyevu usiozidi asilimia 15 hivi. Zikifungwa kabla hazijakauka, unalipia maji leo, na baada ya wiki tatu unapata ukungu. Ndiyo maana robota zito kupita wenziwe nalitilia shaka kabla ya kulifurahia. Penyeza mkono katikati, mpaka kifundo. Ndani kukiwa na joto kuliko nje, liache hapo hapo. Chomoa konzi moja, ivute karibu na pua: nyasi nzuri hunukia kama chai kavu, mbovu hunukia kama chumba kilichofungwa masika yote. Isokote konzi hiyo mikononi; mabua yakikatika kwa mlio, zimekauka, yakijipinda tu bila kukatika, bado. Ipige kwenye kiganja. Likitoka vumbi jeupe au la kijivu, hiyo ni kuvu, wala usiseme "ni kwa ajili ya punda tu". Punda mapafu yake ni mepesi kudhurika na vumbi la kuvu, na tumbo lake halitapiki. Akishikwa na msokoto wa tumbo usiku pale mtaani, hakuna robota la bei rahisi litakalokufidia. Kwa ng'ombe wa maziwa kuna jambo jingine: chakula chenye kuvu kinaweza kuwa na sumukuvu, na sehemu yake hupita hadi kwenye maziwa anayokunywa mtoto.

Rangi iangalie mwisho. Watu huianza, lakini kijani cha nje hupaushwa na jua la gatini kwa siku mbili tu, na ndani nyasi zikabaki nzuri. Kinachonihusu zaidi ni majani na mabua. Boma Rhodes iliyokatwa pale maua yanapoanza kuchomoza huwa na protini ya asilimia 8 hadi 10. Ikiachwa mpaka mbegu zikapukutika, ili mkulima auze mbegu kwanza na nyasi baadaye, protini hushuka hadi 4 au 5. Chini ya asilimia 7 vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe havipati chakula cha kutosha, na ng'ombe anajaza tumbo huku maziwa yakipungua. Kwa hiyo ukiona robota limejaa vichwa vilivyokwisha mbegu na vijiti vya manjano, ujue hayo ni mabaki ya shamba la mbegu. Yana bei yake, nayo si ile ya nyasi zilizokatwa kwa wakati.

Tuje kwenye pengo la 280 na 380. Shilingi mia moja inaonekana nyingi ukiitazama kwenye robota moja. Itazame kwenye lori. Lori la aina ya kanta likipakiwa vizuri hubeba marobota kama 160. Haliwezi zaidi, kwa kuwa nyasi hujaza nafasi kabla ya kujaza uzani. Mia mara 160 ni shilingi 16,000. Malindi hadi Mokowe na kurudi ni zaidi ya kilomita 440, na mara nyingi lori hurudi tupu. Hapo linaunguza lita 70 hivi za dizeli, nazo kwa bei za miaka ya karibuni zinapita shilingi 11,000. Bado dereva, bado utingo, bado wapakiaji huku na washushaji kule, bado ushuru wa kaunti, bado marobota yaliyokatika kamba. Mtu huyo anabaki na kidogo sana. Ukimkaba ashushe hadi 330, atakachofanya ni kukuletea marobota mepesi zaidi, kwani hiyo ndiyo nafasi pekee aliyo nayo ya kujisogeza. Mkabe kwenye uzani. Mwambie: "Nitakulipa 380 bila maneno kwa yasiyopungua kilo 14, na yaliyo chini ya hapo tutayahesabu kwa kilo." Nimeshawaona wachuuzi wakikubali neno hili kwa urahisi kuliko wanavyokubali kupunguziwa shilingi ishirini.

Na usisahau kwamba zipo nyasi zinazofika Pwani kutoka mbali zaidi ya Malindi. Robota likitoka Nakuru likapitia Mombasa, hadi linagusa gati la Mokowe limetembea karibu kilomita elfu moja. La namna hiyo haliwezi kuwa rahisi, na hakuna haja ya kulinunua ilhali mashamba ya Hindi, Mpeketoni na Witu yana majani mwezi huu wa nane. Muulize muuzaji limekatwa wapi. Asipojua, angalia kamba na mbegu za magugu zilizonaswa ndani. Mzoefu huzijua mbegu za kwao.

Kuhusu hiyo taarifa ya Marekani. Ni kweli, Wizara ya Kilimo ya Marekani hutoa taarifa za masoko ya nyasi kavu kwa majimbo, na bei hutajwa kwa tani, ambayo kwao ni kilo 907. Alfalfa, majani ya jamii ya kunde wanayolisha ng'ombe wa maziwa, wameyapangia madaraja matano kwa vipimo vya maabara, na daraja la juu na la chini hupishana bei kwa kiasi kikubwa hata yakiwa yamekatwa wilaya moja. Pamoja na hayo, katika majira ya kilimo hutangaza hali ya malisho kwa ngazi tano, kuanzia mabaya sana hadi bora kabisa. Bei yao haikuhusu. Dola za Kansas hazikwambii lolote kuhusu Hindi. Ila utaratibu wao ndio ninaotamani tuuchukue: wanauza kwa uzani, wanataja daraja, wanataja mahali na hali ya malisho ya mahali hapo. Mtu akisoma "tani kwa dola kadhaa" anajua ni nyasi gani, za wapi. Sisi tukisema "robota 380" hatujasema chochote.

Hata hivyo hatuko gizani kabisa. Kila mwezi Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hutoa taarifa ya kila kaunti ya maeneo makavu, na Lamu, Tana River, Kilifi na Garissa zote zimo. Humo utakuta hali ya malisho, umbali wa kwenda kwenye maji, bei ya mbuzi na mahindi, na kipimo cha uoto kinachopatikana kwa setilaiti, wanakiita VCI. Ukikipata, kisome hivi: 50 na kuendelea, uoto ni mzuri kupita kawaida, 35 hadi 50 ni kawaida, chini ya 35 ukame wa wastani umeanza, chini ya 20 ni mkali, chini ya 10 ni balaa. Kijana wako ana simu, mpe kazi hiyo.

Hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu wengi wa Lamu hukosea. Wao husoma Lamu peke yake. Wanaona Hindi kuko kijani, wanatulia. Mimi nakwambia soma Tana River kwanza, halafu Garissa, ndipo usome Lamu. Mvua ikikosekana kule juu, mifugo ya wafugaji haingoji. Inateremka Delta ya Tana, na Delta ikijaa inasogea Witu na Hindi. Majani uliyokuwa ukiyaona yako yanaliwa ndani ya wiki chache, na wakati huo huo kila mwenye ng'ombe anatafuta robota. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua mfululizo ilipokosa kutimia kaskazini na mashariki ya nchi. Kuna watu walikuwa na shamba zuri pwani hii hii na wakakosa nyasi. Dalili ya mapema ni bei ya mbuzi. Ukiona mbuzi wanashuka bei sokoni na mahindi yanapanda, jua wafugaji wameanza kuuza kwa hofu, na bei ya robota itafuata.

Upande wa pili nao una mtego wake. Novemba 2023 mvua za El Niño zilijaa, majani yakawa tele kila pahali, na aliyesubiri vuli angesema sasa bei itaanguka. Mto Tana ukafurika, barabara ya Garsen hadi Lamu ikakatika, malori yakasimama upande wa pili. Majani yalikuwepo, yalikuwa mabichi, yamelowa, hayafungiki. Robota halitengenezwi kwa mvua, linatengenezwa kwa siku tatu za jua baada ya mvua. Kwa hiyo nakwambia vuli usiisubiri kwa sababu mbili kinyume: ikikosa kuja, bei inapanda kwa njaa, na ikija kwa nguvu, inaweza kupanda kwa barabara. Isitoshe, sisi Lamu mvua yetu kubwa ni masika, kuanzia Aprili, na Mei ndio kilele. Vuli ya huku ni nyepesi, na kuna miaka huja kwa manyunyu tu. Nyasi zilizokua kwa masika zinakatwa na kukaushwa kati ya Julai na Septemba, na hapo ndipo robota linapokuwa rahisi na bora kwa pamoja. Kuanzia Januari, kaskazi ikishaukausha mwambao, utanunua masalio ya watu kwa bei ya dharura. Nadhani ndicho kilichokufilisi mwaka huu.

Sasa hesabu ya nyumbani. Punda wa huku ana kilo kama 150. Anahitaji chakula kikavu cha asilimia 1.5 hadi 2 ya uzani wake kwa siku, yaani kilo mbili na robo hadi tatu, na anayebeba mawe mpe hizo tatu. Wanne ni kilo 12 kwa siku. Ng'ombe wa maziwa wa kilo 350 anataka karibu asilimia 3, kilo 10 na nusu. Hao wako wawili, mpe kila mmoja kilo 5 za nyasi kavu na zilizobaki zitoke kwenye napia, yale majani marefu ya kukatia ng'ombe, na majani mabichi ya shamba la mama. Hizo ni kilo 10 za nyasi kavu kwa wote wawili. Jumla kilo 22 kwa siku. Kiangazi kikali ni siku 100, kuanzia Januari hadi mvua za Aprili zikolee: kilo 2,200. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa zinazokanyagwa na kuharibika, kilo 2,420. Kwa marobota ya kilo 13 unahitaji kama 186. Kwa ya kilo 11 unahitaji 220. Hayo 34 ya ziada, kwa bei ya 380, ni shilingi 12,920, na hapo hujaongeza nauli ya mashua. Fedha hiyo ndiyo niliyokuwa nikiisema kwamba inapotea kwenye marobota mepesi.

Haya, na si lazima yote yawe Boma Rhodes. Hapo ndipo utakapookoa zaidi. Tumbo la punda limeumbwa kwa chakula kigumu chenye nyuzi nyingi na utamu mchache. Mpe nyasi za kawaida za Hindi zilizokomaa, alimradi ni kavu na safi, atafanya kazi na atanenepa. Mabua ya mahindi pia yanamfaa kwa sehemu, na mwezi huu Mpeketoni na Hindi wanavuna. Wapo watakaokuachia mabua kwa gharama ya kuyakata na kuyabeba. Yakatekate mafupi, la sivyo atachagua majani na kuyaacha mengine chini. Boma Rhodes laini, yenye majani, iweke kwa ng'ombe wa mama. Anayelipwa kwa maziwa ndiye anayestahili protini.

Jihadhari na kinyume chake. Nimeona watu wa Amu wakimrundikia punda pumba za mahindi akionekana amechoka. Pumba nyingi humletea ugonjwa wa kwato, anasimama kama aliyekanyaga makaa, na hapo umempoteza kwa wiki kadhaa. Machicha ya nazi yaliyolala siku mbili nayo ni hatari, yanachachuka na kuota kuvu. Na kama mama amepanda miti ya malisho, lusina au gilirisidia, kwenye uzio, ambayo ni mizuri sana kwa ng'ombe na mbuzi ikichanganywa kwa kiasi, usiwape punda. Lusina ina sumu iitwayo mimosini, ambayo huwanyonyoa nywele za shingoni na mkiani. Gilirisidia ina sumu kwa wanyama wa jamii ya farasi. Mnyama asiyecheua si ng'ombe mdogo.

Kuhusu uzio huo, kama haupo, upandeni masika ijayo. Kituo cha utafiti cha Mtwapa kilifanya kazi kubwa miaka ya tisini kuwaonyesha wafugaji wadogo wa Pwani kwamba napia pamoja na gilirisidia, lusina au klitoria, ile yenye maua ya buluu inayotambaa, inamtunza ng'ombe wa maziwa kwa udongo wetu huu wa mchanga. Hilo halijapitwa na wakati. Ila napia usiidhanie rahisi kuliko ilivyo: ikiwa mbichi, katika kilo 100 kuna kikavu cha kilo 18 tu au karibu na hapo, zilizobaki ni maji. Anayekuuzia mzigo wa kilo 60 kwa shilingi 200 amekuuzia kilo 11 za chakula, shilingi 18 kwa kilo. Bado ni nafuu kuliko robota, sikatai, lakini haidumu mpaka Februari.

Na mfanye marobota yenu wenyewe. Haitaki mashine. Mwambie fundi akutengenezee sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Laza kamba mbili za katani ndani kwanza, ncha zining'inie nje, jaza nyasi kavu, kanyaga kwa miguu kila tabaka, ongeza, kanyaga, kisha funga na lichomoe sanduku. Unapata robota la kilo 20 hivi ukikanyaga kwa bidii. Nasema katani kwa makusudi: kamba ya plastiki ikisahaulika ndani ya nyasi, ng'ombe huimeza na haitoki. Watu wawili wakifanya kazi kila siku, na nyasi za mama zilizokauka, wanaweza kukujazia banda kwa wiki moja. Kata asubuhi umande ukishakauka, geuza mara mbili kwa siku, na kama wingu la kusi linaonekana baharini, zikusanye vichugu usiku na zitandaze tena kesho yake.

Kuhifadhi Amu kuna mtihani wake. Nyumba za mawe hupumua chumvi na unyevu, na robota likigusa ukuta linaota kuvu upande huo kabla ya mwezi kwisha. Tandika boriti za mikoko sakafuni, panga juu yake, acha nafasi ya mkono mmoja hadi ukutani na nafasi juu kwa hewa. Kama huna chumba cha namna hiyo, acha mzigo mkubwa Hindi chini ya makuti, na uvushe wa wiki mbili mbili. Hizo 50 unazolipa kwa kuvusha robota moja zinashuka ukijaza mashua na jirani zako wenye punda. Tisa au kumi mkishikamana mnaweza kuagiza lori zima, mkalipima gatini mbele ya dereva.

Kwa fedha yako, ningefanya hivi. Nunua theluthi mbili sasa hadi mwisho wa Septemba, mabua na nyasi za kawaida kwa punda zikiwa za kwanza. Theluthi iliyobaki iache mpaka katikati ya Novemba. Siku hiyo tazama mambo matatu: kipimo cha uoto cha Tana River, bei ya mbuzi, na kama barabara ya Garsen inapitika. Kipimo kikiwa chini ya 35 au mbuzi wakianza kuporomoka, nunua zote siku hiyo, hata kama robota limeshafika 420. Kikiwa juu ya 50 na jua limetoka, unaweza kungoja Desemba ukate zako mwenyewe.

Mimi huandika kwenye daftari kila robota ninalopima: tarehe, limetoka wapi, kilo ngapi, bei gani, laini au mabua. Ukipima yako, niandikie hivyo hivyo. Na umwambie kaka yako wa Malindi anitumie uzani wa yale ya 280, nataka sana kuujua.